Migomba Aliyoondoka Nayo Baba

Mhariri alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, Biharamulo mjini, debe langu la mahindi likikaribia mlango. Kwa sababu ya kelele alilazimika kurudia kila alichosema, na mimi nikalazimika kuitikia kwa sauti ya juu, hivyo foleni nzima ikajua kwamba riwaya yangu ya miaka imekutwa na kasoro. Mama mmoja nyuma yangu akanipa pole. Nadhani alifikiri nimeletewa habari za msiba.

"Una njia tatu," mhariri alisema. "Uirekebishe, uiandike upya, au uiweke kando uanze kitu kingine."

Nikamwuliza yeye angechagua ipi. Akajibu kwamba uamuzi huo ni wa mwandishi. Kazi rahisi kweli hiyo, kumwambia mtu nyumba yake imepinda kisha ukamwachia nyundo.

Niseme riwaya yenyewe ilihusu nini, maana bila hivyo hasira yangu haitaeleweka. Nilizaliwa Mbuba, wilayani Ngara, katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, baba aliondoka akaenda kuanza maisha mengine Nyamigogo, huku Biharamulo, na mjane mmoja Msukuma aliyekuwa amehamia huko na ndugu zake na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Mama alibaki na sisi wawili, mimi na kaka yangu, na hakuna mtu mzima aliyetueleza kitu. Alfajiri aliyoondoka mimi nilikuwa macho. Nilichungulia dirishani nikamwona anasukuma baiskeli kuelekea barabarani, na nyuma amefunga machipukizi ya migomba yetu, ile ya ndizi fupi nene ambayo mama aliipenda kuliko yote. Mama hakuwepo uwanjani. Nikajua, kama watoto wanavyojua mambo, kwamba baba ametuacha na bado ametuibia.

Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya kwanza ya riwaya. Sura zote zilizofuata zilikuwa malipo. Baba wa kitabuni anafilisika, ng'ombe wanakufa, yule mwanamke anamfukuza, na mwishoni anarudi kwa miguu, amekonda, anabisha hodi kwa mama. Mama hafungui. Nilimweka baba mlangoni pale kurasa nzima nzima, mvua ikimnyeshea, na nilifurahia kila neno.

"Sura ya kwanza imeandikwa na mwandishi," mhariri aliniambia. "Zilizobaki zimeandikwa na mtu mwenye kesi."

Nilichota unga wangu nikaenda nyumbani bila hata kuangalia kama umesagwa vizuri. Nilikuwa na hasira naye kwa wiki nzima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, kalamu nyekundu ndiyo jembe langu, na nimewaandikia watoto wa watu maneno makali zaidi ya hayo pembeni mwa insha zao bila kukosa usingizi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kilichoniuma hasa si kasoro. Riwaya ile ilikuwa mahali pekee nilipomwambia baba niliyotaka kumwambia. Kutoka nyumbani kwangu mpaka kwake ni safari ya bodaboda tu, na tulikuwa tukikutana sokoni mara moja moja. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, hamjambo huko. Hatujambo. Basi, kila mtu anarudi kwenye nyanya zake. Nikiiweka riwaya kando, nilijiambia, baba atakuwa ameondoka mara ya pili na mara hii pia hakuna aliyemwuliza.

Kwa hiyo nikachagua kurekebisha. Mhariri alikuwa amesema baba wa kitabuni ni sanamu la ubaya, hana hata siku moja ya kuwa mtu, basi nikampa siku. Nilimfanya amnunulie mtoto pipi. Nikasoma tena, nikaona sasa ni mwovu anayenunua pipi, jambo linalotisha zaidi. Nikaiondoa pipi nikamtia ugonjwa wa kifua. Ugonjwa wa kifua ukahitaji hospitali, hospitali ikahitaji mtu wa kumpeleka, na mtu pekee aliyekuwepo ni yule mwanamke, ambaye nilikuwa nimemfanya aongee Kiswahili cha mtangazaji wa redio na asiwe na huruma hata kwa kuku. Nikampa huruma. Akaacha kuwa na sababu ya kumfukuza baba, na sura ya tisa ikaanguka. Kila nilipogusa pabovu, pazima palipokuwa jirani paliharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyowafundisha watoto, lakini hakuna methali ya yule aliyeziba nyufa mpaka ukuta wote ukawa viraka.

Likizo ilipofika nilikwenda Mbuba kwa mama, muswada ukiwa kwenye begi pamoja na sukari na sabuni za kumpelekea. Nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna atakayeniuliza nimefikia wapi. Niliposhuka tu nikaona kwamba sitapata utulivu wowote. Majani ya migomba upande wa chini wa shamba yalikuwa yamegeuka manjano na kulegea kana kwamba yamepitiwa na moto, na mikungu michanga ilikuwa imeiva kabla ya wakati wake. Kaka yangu akakata ndizi moja akanionyesha ndani. Ilikuwa na rangi ya kahawa.

"Mnyauko," alisema.

Mnyauko tunaujua mkoa mzima. Ukikata shina la mgomba unaougua, linatoa usaha wa manjano, na dawa haipo. Nikamwuliza kaka umeanzia wapi. Mama ndiye aliyejibu kwa niaba yake, akiwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi.

"Ulianza kwenye shina moja pale kwenye mfereji. Kaka yako akalikata. Halafu kwa panga hilohilo akapita anapunguza majani makavu kwenye mingine yote, ipendeze ukija."

Panga huunguzwa motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Kila mtu hapa analijua hilo, na kila mtu amewahi kulisahau, kwa sababu ukiwa na panga mkononi na shamba mbele yako, mkono unaendelea wenyewe. Kaka alikuwa amesafisha shamba zima kwa ugonjwa. Nilimwonea huruma, kisha nikakumbuka pipi na kifua na huruma ya yule mwanamke, nikajisikia vibaya kwa sababu yangu mwenyewe. Mwanafunzi wangu angeniletea mfano huo kwenye insha ningemwandikia: rahisi mno, tafuta mwingine. Lakini sikuwa nimeutafuta, ulikuwa umesimama pale unanyauka.

Bwana shamba alikuja akapita shimo kwa shimo. Hakusema maneno mengi. Upande wa chini wote ung'olewe, si shina linaloonekana kuumwa tu, shimo zima, mgomba mkubwa pamoja na watoto wake, vikatwekatwe na kuachwa vioze hapohapo, na ardhi ipandwe maharage kwa muda kabla ya kurudisha mgomba. Kama mama anataka migomba karibuni, apande upande wa juu, nyuma ya jiko, ambako haijapandwa kwa miaka mingi, na mbegu itoke mahali ambako ugonjwa haujafika. Mbegu ya majirani haikufaa, nao walikuwa wanang'oa.

Tuling'oa. Ni kazi ya kinyama, mizizi ya mgomba wa zamani imeshikana chini kwa chini na unaposhinda shina moja unakuta jingine. Jioni tulikaa tumechafuka, na mama akasema kama anayeagiza chumvi:

"Utakaporudi Biharamulo, pita kwa baba yako. Anayo ile ya ndizi fupi. Mwambie naomba machipukizi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia kaka aende. Kaka akasema ana shamba zima la kung'oa.

"Wewe ndiye jirani yake," mama alisema.

"Mama, yule aliichukua migomba hiyo kwako. Leo ukamwombe?"

"Nimesema namwomba machipukizi. Sijasema namwomba radhi." Akaingia ndani.

Sikuwahi kumkasirikia mama namna ile. Mwanamke niliyemtetea kwa mamia ya kurasa, niliyemfundisha kufunga mlango, yeye mwenyewe ananituma nikabishe hodi. Katika kitabu changu mama alikuwa mtakatifu asiyekula vizuri, asiyelala, anayelia kwa siri. Huyu aliyelala chumba cha pili alikuwa anakoroma.

Nilirudi Biharamulo, nikaahirisha siku kadhaa kwa visingizio vya mwalimu, mara kusahihisha, mara kikao. Kisha mama akapiga simu kuuliza kama nimekwenda, na sauti yake haikuwa ya kuuliza. Nikachukua bodaboda mpaka Nyamigogo.

Yule mwanamke ndiye aliyenipokea. Alikuwa amezeeka, mfupi, khanga begani, miguu ina vumbi la zizini. Nilimwamkia, shikamoo mama, na neno mama lilitoka kwa shida. Akapiga goti kidogo kunipokea mkoba, kama Wasukuma wanavyompokea mgeni, mimi mdogo wake kwa miaka mingi.

"Marahaba mwanangu. Kalibu, kalibu ukae. Mzee yuko nyuma huko, nimwite au utamfuata?"

Sikio langu la ualimu lilisahihisha ile kalibu kabla sijaketi, nikajichukia. Katika riwaya alikuwa haoni haya. Hapa alinipa maziwa ya mgando kwenye kikombe alichokisuuza mara mbili, akasimama pembeni akitazama kama nitakunywa. Nikanywa, ningefanya nini.

Baba alikuwa nyuma ya zizi, na migomba ilikuwa huko, imestawi kwa samadi kuliko nilivyowahi kuiona Mbuba. Tulisalimiana kama sokoni. Nikamwambia mama ameomba machipukizi ya ile ya ndizi fupi, na kwamba shamba letu limeingiwa na mnyauko. Aliuliza umefika mpaka wapi, umeingia upande wa juu, bwana shamba amesemaje. Nikamjibu yote. Kisha akachukua jembe na panga, akaniongoza kwa kuizunguka migomba yake mpaka upande wa pili wa njia, ambako palikuwa na mashimo machache yaliyojitenga, yamepaliliwa vizuri.

"Hii ndiyo ya kwenu," alisema. "Ile kule nilipewa hapahapa. Hii sijaichanganya."

Akapitisha panga kwenye moto alioukoka kando, kila upande, bila haraka, ndipo akainama. Nilisimama nimemwangalia mgongo wake. Nilikuwa na sentensi za kumwambia, nzuri, nilizoziandika na kuziandika upya, na sasa alikuwa mbele yangu hana pa kwenda. Nikasema iliyo fupi kuliko zote.

"Uliichukua alfajiri. Nilikuona."

"Nilitoka alfajiri, ndiyo. Jua lingeinyausha njiani."

"Uliiiba."

Akainuka taratibu, mkono kiunoni. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu.

"Nani aliifunga kwenye baiskeli, unafikiri? Mimi nijue kufunga? Ningeiangusha yote kabla ya kufika mtoni. Mama yako aliichagua, akaifunga kwa kamba za mgomba, akaingia ndani. Hakutoka tena."

Sikumwamini. Nilimwambia hivyo. Akasema, basi kamwulize, akarudi kuchimba. Alipotoa chipukizi la kwanza akalikung'uta udongo, na bila kunitazama akasema:

"Kaka yako aliniambia kwenye simu umeandika kitabu. Mimi nimo?"

"Umo."

"Mbaya?"

"Mbaya sana."

"Kiasi gani?"

"Mpaka mhariri hakukuamini."

Alicheka, kicheko kifupi, kisha kikakatika, akabaki ameshika lile chipukizi kwa mikono miwili hajui aliweke wapi. Nilitamani kuona aibu usoni mwake, nimeingoja tangu utotoni, na ilipokuja haikunifurahisha hata kidogo. Akasema kwamba kuondoka aliondoka, hilo niliandike nisilifute. Kisha akasema mwanangu nishikie hapa nifunge. Nikashika.

Nilifika Mbuba siku ya pili, machipukizi yakiwa kwenye gunia. Mama aliyamwaga uwanjani, akayageuza moja moja, akabonyeza kitako cha kila moja kwa kidole gumba, akanusa.

"Aliitenga na ile mingine?"

Ndipo nilipojua kwamba ni kweli. Mtu aliyeibiwa hawezi kuuliza swali hilo.

"Aliitenga," nikamwambia. "Mama, ulimpa wewe?"

"Nilimpa, ndiyo. Mtu anakwenda kujenga aende mikono mitupu? Nyumba isiyo na mgomba ni nyumba? Ulitaka mume wangu akale ndizi za kuomba kwa watu?" Alisema mume wangu, hivyohivyo, huku akichagua chipukizi la kwanza kupandwa. "Nilikuwa namchukia siku ile. Nilimchagulia mabaya kwanza, nikayaona yanatia aibu, nikayatupa nikachagua mazuri."

Mabaya kwanza, kisha mazuri: katika sentensi moja, amekaa chini, mikono ina matope, mama alikuwa ameandika sura ambayo mimi nilishindwa kuiandika kwa miaka. Na ya kwangu, ile ya kwanza, ile ambayo kila aliyeisoma aliisifu, ilikuwa uongo. Nilikuwa nakatakata mashina ya nyuma, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye shina zuri lililosimama mbele, na kila nilichokipanda nilikuwa nimekitoa kwake.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza. "Miaka yote hii. Ulijua naandika habari hii. Nilikuwa nakaa hapo hapo kwenye meza, unaniona."

"Hukuniuliza," mama alisema. "Ulikuwa unaandika."

Akanipa jembe. Tulipanda nyuma ya jiko mpaka machipukizi yakaisha, yeye akishika, mimi nikifukia, kaka akileta maji. Upande wa chini maharage yalikuwa hayajachomoza, ardhi ilikuwa imelala tupu na vipande vya migomba vinaoza juu yake. Nilikuwa bado na hasira na wote, baba aliyeondoka kweli, mama aliyenyamaza, na mimi, huyu mwalimu aliyekuwa na ushahidi wote nyumbani kwao akaenda kutafuta hukumu.

Mhariri alipopiga tena nilikuwa darasani, nikampigia saa ya mapumziko nikiwa kwenye kibaraza cha ofisi ya walimu. Nikamwambia sirekebishi wala siweki kando, naandika upya, na asiniulize itachukua muda gani. Alifurahi. Akasema ni uamuzi mzuri, hasa kwa kuwa tayari ninayo ile sura ya kwanza, ya baiskeli na migomba, hiyo nisiiguse hata nukta.

Nikamwambia hiyo ndiyo naanza kuing'oa.